Dakika za Mwisho Hulindwa Kuanzia ya Kwanza

Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania alipuliza kipenga kuwaruhusu Brazil wapige mpira wa adhabu karibu na lango la Zaire, kama Congo ilivyoitwa wakati ule. Mpira ulikuwa umetengwa, Rivelino na wenzake wamesimama nyuma yake, ukuta wa Wazaire umepangwa. Kabla Mbrazili yeyote hajaugusa, beki mwenye jezi namba 2, Mwepu Ilunga wa TP Mazembe, alichomoka ukutani mbio, akaukuta mpira pale pale ulipotulia, akaubutua kwa nguvu zake zote hadi upande wa pili wa uwanja. Wabrazili wakabaki kutazamana. Rainea akamfuata Mwepu na kumwonyesha kadi ya njano.

Kwa miaka mingi picha hizo zilirushwa Ulaya kama kichekesho, ushahidi kwamba Waafrika walikwenda Kombe la Dunia bila kujua sheria. Mwepu, aliyefariki mwaka 2015, alilikana hilo mara nyingi. Sheria alikuwa anaijua vizuri. Timu ilikuwa imeshafungwa 2-0 na Scotland, kisha 9-0 na Yugoslavia, posho za wachezaji hazijalipwa, na watu wa utawala wa Mobutu walikuwa wamewatisha wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, wasahau kurudi nyumbani. Brazil nao walihitaji mabao matatu kamili ili waipiku Scotland kwenye kundi. Mchezo uliisha 3-0.

Kwa hiyo siku ile kila sekunde ilikuwa na thamani yake, na kila mpira uliotengwa ulikuwa na hatima ya watu ndani yake. Mwepu alifanya kile ambacho mchezaji aliyebanwa hukifanya mahali popote: aliuondoa mpira pale ulipotakiwa kupigwa, akaila saa. Na mwamuzi alifanya kilicho wajibu wake: alisimamisha, akaadhibu, akaurudisha mpira mahali pake, mchezo ukaendelea. Kisa kizima ni cha muda mfupi sana, lakini ndani yake mna kazi yote ya mwamuzi anapokaribia mwisho wa mchezo. Ana saa ya kulinda, ana mpira wa kuweka mahali pake, na ana watu wenye hofu wa kuwatuliza.

Nayaandika haya nikiwafikiria vijana wa Katoto na wa Kamina nzima, huko Haut-Lomami, wanaocheza jioni kwenye viwanja visivyo na ubao wa elektroniki, visivyo na mwamuzi wa akiba, na mara nyingi vyenye mpira mmoja tu. Ugomvi mwingi wa viwanja vya aina hiyo huanzia katika mambo mawili: muda uliobaki, na mahali faulo ilipotokea. Yote mawili yana majibu ndani ya sheria. Tena majibu yenyewe hayahitaji fedha nyingi.

Saa ni ya mwamuzi

Sheria ya 5 ya soka inamfanya mwamuzi kuwa mtunza muda wa mchezo. Kamisaa hana mamlaka hayo, kocha hana, na shabiki mwenye simu mkononi ndiyo hana kabisa. Sheria ya 7 inaeleza muda upi anapaswa kuufidia: wa kubadilisha wachezaji, wa kumwangalia majeruhi na kumtoa nje, wa kutoa kadi, wa kushangilia mabao, wa kusimama kunywa maji, wa kupitia picha za VAR pale zilipo, na ule unaopotezwa makusudi. Dakika zinazoonyeshwa mwisho wa kipindi ni kiwango cha chini. Mwamuzi anaweza kuziongeza endapo muda mwingine utapotea, ila hawezi kuzipunguza. Na akikosea hesabu kipindi cha kwanza, haruhusiwi kulipiza kwa kukirefusha au kukifupisha cha pili.

Sharti hili lina historia. Mwaka 1891 nchini Uingereza, Stoke walikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Aston Villa, dakika mbili zimebaki, wakapata penalti. Kipa wa Villa akaupiga mpira nje kabisa ya uwanja. Hadi ulipopatikana, dakika 90 zilikuwa zimekwisha na mwamuzi alikuwa ameshamaliza mchezo. Stoke walinyimwa haki yao na mtu aliyeutupa mpira mbali, na tangu hapo sheria ikabadilishwa: penalti ikishatolewa, kipindi hurefushwa hadi ipigwe na imalizike, hata kama saa imepita.

Shabiki wa Katoto aliyewahi kuona mpira wa pekee ukitupwa makusudi kwenye majani marefu dakika ya 88 anaielewa hadithi ya Stoke bila kufafanuliwa. Pale mwamuzi ana wajibu mmoja ulio wazi: asimamishe saa yake ya pili. Waamuzi wengi waliofunzwa huvaa saa mbili, moja inatembea bila kukoma na nyingine inasimamishwa kila mchezo unaposimama bila sababu ya kawaida. Mwishoni hana haja ya kukisia. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo deni analodaiwa na timu iliyoibiwa muda, na deni hulipwa.

FIFA walilichukulia deni hili kwa uzito kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022, chini ya mkuu wao wa waamuzi, Pierluigi Collina. Katika mchezo wa Uingereza na Iran, ulioisha 6-2, muda wa nyongeza wa vipindi vyote viwili ulipita dakika 27. Wengi walishangaa. Lakini kipa wa Iran alikuwa ameumia kichwani mapema na kutibiwa kwa muda mrefu, mabao yalikuwa mengi, na wachezaji wengi walibadilishwa. Dakika zile zilikuwa za kweli, ni sisi tulizoea kuzisamehe.

Sekunde ambayo haina mwenyewe

Kuna swali lililo gumu kuliko la kuongeza dakika: ni wakati gani hasa wa kupuliza kipenga cha mwisho? Tarehe 3 Juni 1978, mjini Mar del Plata, Argentina, Brazil na Sweden walikuwa 1-1 Brazil walipopata kona. Mpira ulipigwa, Zico akauzamisha kwa kichwa. Mwamuzi Clive Thomas wa Wales alikuwa ameshapuliza kipenga cha mwisho mpira ukiwa hewani. Bao likakataliwa.

Kwa herufi ya sheria, Thomas hakuvunja chochote. Muda ulikuwa umekwisha, na sheria inamlazimisha mwamuzi kusubiri penalti peke yake. Kona haimo. Hata hivyo kisa hiki kinafundisha busara: kama muda umekwisha, maliza kabla kona haijapigwa. Ukishairuhusu ipigwe, umewaambia wachezaji kwamba shambulizi hili limo ndani ya muda wao. Kipenga cha mpira ulio hewani kinamfanya mwamuzi aonekane mwamuzi wa matokeo, hata akiwa na saa iliyo sahihi kuliko zote.

Sisi wa Congo tunalo somo letu la upande wa pili. Machi 1974, jijini Cairo, Zaire walikuwa wanaongoza 2-1 katika fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Zambia, wamefika dakika ya 120. Ndaye Mulamba alikuwa amefunga bao la pili dakika tatu nyuma. Zambia wakasawazisha kwenye dakika hiyo hiyo ya mwisho. Hakukuwa na mikwaju ya penalti. Fainali ilirudiwa siku mbili baadaye, Zaire wakashinda 2-0 kwa mabao mawili ya Ndaye. Aliyeiona Cairo hana haja ya kuambiwa kwamba mchezo hauishi mpaka uishe.

Jirani yetu Sikazwe

Hakuna mwamuzi ambaye maisha yake yanafundisha kuhusu dakika za mwisho kama Janny Sikazwe wa Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga. Desemba 2016, mjini Yokohama, alichezesha fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia kati ya Real Madrid na Kashima Antlers. Dakika 90 zikikaribia kuisha, 2-2, Sergio Ramos ambaye tayari alikuwa na kadi ya njano alicheza faulo. Mkono wa Sikazwe ukaenda mfukoni, ukasita, ukarudi bila kadi. Madrid wakabaki 11, wakashinda katika muda wa ziada. Watu wengi wamesahau matokeo lakini wanaukumbuka mkono ule.

Tarehe 28 Juni 2018, mjini Volgograd, Urusi, katika hatua ya makundi ya Kombe la Dunia, alikuwa tena kwenye dakika ngumu. Japan walikuwa wanafungwa 1-0 na Poland, lakini walijua kwamba matokeo hayo yangewavusha kwa sababu walikuwa na kadi za njano chache kuliko Senegal. Basi kwa dakika zilizobaki wakawa wanapasiana nyuma, polepole, uwanja mzima ukizomea. Sikazwe hakufanya kitu, na alikuwa sahihi. Kuumiliki mpira ndani ya mchezo bila nia ya kushambulia kunachukiza, lakini si kosa kisheria. Mwamuzi huadhibu kuchelewesha kuuanzisha mpira. Hana mamlaka ya kuwalazimisha watu wacheze vizuri.

Kisha ikaja Januari 12, 2022, mjini Limbe, Kamerun. Katika Kombe la Afrika, Mali walikuwa wanaongoza 1-0 dhidi ya Tunisia. Joto lilikuwa kali. Dakika ya 85 Sikazwe akapuliza kipenga cha mwisho, akagundua, akaendeleza mchezo. Akamtoa mchezaji wa Mali kwa kadi nyekundu, kisha akamaliza tena kabla dakika 90 hazijatimia, bila hata sekunde moja ya nyongeza, ingawa mchezo ulikuwa umesimama kwa penalti, kwa VAR na kwa kadi. Waandaaji walijaribu kuzirudisha timu uwanjani baadaye; Tunisia hawakutoka, na matokeo yakabaki hivyo hivyo. Baadaye Sikazwe alieleza kwamba joto lilikuwa limemzidi, akachanganyikiwa.

Huyu ni mwamuzi aliyechezesha fainali ya Afrika mwaka 2017 na aliyekwenda Kombe la Dunia. Kama akili yake ilizidiwa na jua la Limbe, tusimshangae kijana wa Kamina anayechezesha saa tisa alasiri bila tone la maji. Tujiulize badala yake: wale wasaidizi wawili na mwamuzi wa akiba walikuwa wapi? Waamuzi wenza wapo ili mmoja akipotea njia, mwingine amshike mkono. Saa ya mwamuzi mmoja ikikosea, saa tatu zilizobaki lazima ziseme.

Rabat, na kipenga kilichotangulia

Tarehe 18 Januari 2026, Mkongomani alisimama katikati ya dakika za mwisho zilizokuwa nzito kuliko zote ambazo soka la Afrika limepata kuziona. Jean-Jacques Ndala alichezesha fainali ya Kombe la Afrika kati ya Morocco na Senegal jijini Rabat. Dakika 90 ziliisha 0-0. Ndani ya nyongeza Senegal waliutia mpira wavuni kutokana na kona, lakini Ndala alikuwa ameshapuliza kuashiria faulo. Muda mfupi baadaye, baada ya kuitwa kwenye skrini ya VAR, akawapa Morocco penalti. Wachezaji wa Senegal wakatoka uwanjani. Kwa takriban robo saa fainali ya Afrika ilisimama. Sadio Mané akawarudisha wenzake, Brahim Díaz akapiga penalti ile kwa kuudokoa mpira katikati ya lango, kipa Edouard Mendy akaudaka bila taabu. Pape Gueye akaifungia Senegal katika muda wa ziada. Mgogoro wenyewe ukahamia kwenye kamati za CAF.

Wakongomani tuna hamu ya kumtetea mtu wetu, na wengine wana hamu ya kumsulubu. Mimi naliona somo kwenye kile kipenga cha kwanza. Mwamuzi akipuliza kabla mpira haujaingia wavuni, amefunga mlango: VAR haiwezi tena kuangalia kama bao lilikuwa halali, kwa kuwa mchezo ulikuwa umeshasimama. Ndiyo maana waamuzi hufundishwa kuchelewesha kipenga pale mpira unapokwenda kuwa bao, penye VAR. Sekunde mbili za subira zingeruhusu picha ziamue. Nusu ya hasira iliyolipuka kwenye penalti ilikuwa imeshapandwa pale.

Katika jambo moja Ndala alisimama imara na anastahili sifa. Hakuumaliza mchezo ovyo ili ajiokoe. Alisubiri timu irudi, akahakikisha penalti iliyotolewa inapigwa, akacheza hadi dakika ya 120. Katika uwanja uliojaa watu wanaopiga kelele, wakati viongozi wa pande zote wameingia uwanjani, kuna waamuzi wengi ambao wangekimbilia chumbani.

Mpira utengwe pale pale

Mengi ya haya ni ya viwanja vikubwa. Katoto hakuna VAR. Kuna jicho, kuna kipenga, kuna miguu ya mwamuzi. Basi kazi ya kutenga mpira inakuwa nzito zaidi, kwa sababu hakuna picha ya kurudia.

Tazama faulo ya dakika ya 89 kwenye uwanja usio na mistari iliyokoza. Mpigaji anaubeba mpira kwa mikono, anatembea nao hatua tatu mbele, anauweka. Mwamuzi anamrudisha. Anausogeza tena kwa ubavu wa kiatu. Wakati huo ukuta nao unajongea kidogo kidogo. Mwamuzi asiye na mbinu atahangaika kati ya mpira na ukuta hadi hasira ipande pande zote mbili. Aliyefunzwa huanza na mpira: husimama pale faulo ilipotokea, husubiri mpira uletwe mguuni pake, husema wazi, "Usipigwe mpaka nipulize." Ndipo huhesabu hatua za mita 9.15 na kuusimamisha ukuta, macho yake yakiwa bado yanauona mpira. Akiona umesogezwa, harudii maneno, hutoa kadi. Penye fedha kuna dawa ya povu ya kuchora mstari kwenye nyasi, iliyotumika Kombe la Dunia la 2014 huko Brazil. Pasipo fedha, kisigino cha kiatu cha mwamuzi kinachora mstari kwenye udongo vizuri tu.

Mbinu nyingine ni ya kuanza mapema. Kipa anayechelewesha goli kiki dakika ya 20 akionywa hadharani, dakika ya 85 anajua kadi inakuja. Asipoonywa, atafanya hivyo hivyo mwishoni, na kadi ya mwishoni itaonekana ya upendeleo. Bodi ya kimataifa ya sheria za soka, IFAB, ilielewa jambo hili ilipobadilisha sheria ya kipa kuanzia Julai 2025: kipa akiushika mpira kwa zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona, na mwamuzi anahesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, mkono ukiwa juu, kila mtu anaona. Kuhesabu hadharani kunaondoa shaka. Hata mwamuzi wa Katoto anaweza kuinua mkono na kuhesabu, bila kununua chochote.

Tangu 2019, mchezaji anayebadilishwa hutoka kwenye mstari ulio karibu naye, badala ya kutembea uwanja mzima huku akipiga makofi kwa mashabiki. Hili pia ni la bure. Na kuna jambo la giza. Jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili jioni, na michezo mingi huchelewa kuanza. Mwamuzi asisubiri giza limkute dakika ya 75 akalazimika kubahatisha. Kama mashindano yanaruhusu, makubaliano ya kufupisha vipindi vyote viwili kwa usawa hufanywa kabla ya mchezo kuanza, manahodha wote wawili wakisikia. Katikati ya mchezo hakuna makubaliano ya namna hiyo.

Neno kwa wenye viwanja

Wachezaji wa Katanga wamefika mbali. TP Mazembe ya Lubumbashi ilicheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia mwaka 2010, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kufika hapo. Vipaji hivyo huanzia kwenye viwanja kama vya Kamina, na uchungu wa kuonewa huanzia huko huko. Kijana aliyeporwa mchezo na mwamuzi mzembe akiwa na miaka 14 hujifunza kwamba sheria ni ya mwenye nguvu. Aliyeona mwamuzi akiirudisha faulo pale pale ilipotokea, hata dhidi ya timu ya mwenyeji, hujifunza kinyume chake, na somo hilo hutoka naye nje ya uwanja.

Kwa hiyo natoa ombi kwa viongozi wa soka wa Haut-Lomami, kwa makasisi na wachungaji wenye viwanja, kwa walimu wa shule na wafanyabiashara wa Kamina wanaotoa vikombe na mbuzi wa zawadi. Kabla ya kununua kikombe, nunueni mpira wa pili na wa tatu, iwekwe nyuma ya kila goli. Mpeni mwamuzi saa mbili na chupa ya maji. Walipeni waamuzi wasaidizi ili wasiwe wachezaji wa akiba wa timu moja. Leteni mkufunzi kila mwaka, awapitishe vijana kwenye Sheria ya 5, ya 7 na ya 13. Tangazeni kabla ya mchezo kwamba dakika za nyongeza zitatolewa na zitaheshimiwa.

Na wewe shabiki unayesimama kwenye mstari, kunja mkono wenye simu. Saa ya mchezo iko kwenye mkono wa mtu mmoja, na kazi yako ni kumwacha aisome kwa utulivu.